Bubu wa Malipo ya Simu

Wenzake walimwita Bubu, na ulikuwa utani tu, kwa sababu mwanamke yule alishinda akiongea tangu asubuhi mpaka jioni. Kazi yake ilikuwa kupokea malipo ya kadi kwa simu. Mtu yuko kwake, anataka kabati au godoro, hana nafasi ya kufika dukani. Anapiga simu dukani, na ikifika hatua ya kulipa, simu inahamishiwa sikioni mwa Bubu. Mteja anasoma namba za kadi, Bubu anaziingiza kwenye kompyuta, pesa zinakwenda dukani, na mteja anayefuata anaingia kabla hata Bubu hajameza mate.

Chumba chenyewe hakikuwa na dirisha. Mlango ulifunguka kwa kidole cha msimamizi peke yake, hata ukibanwa na haja. Kalamu, karatasi na simu za watu zilibaki kwenye makabati ya nje, ili mtu asije akaondoka na namba za wateja. Na kila neno lilirekodiwa, isipokuwa mteja anapoanza kusoma kadi yake. Hapo unabonyeza kitufe, kurekodi kunasimama, na taa ndogo inawaka juu ya kiti chako. Namba zikiisha unabonyeza tena. Katikati hapo huruhusiwi hata kuguna, kwa kuwa ukirudia namba kwa sauti, jirani ataisikia. Wengine walijisahau. Yeye alitulia tuli kama mtu anayenyolewa, ndipo wakamwita Bubu.

Tena alikuwa na ufundi wake. Miaka ya mwanzo namba za watu zilimfuata mpaka kitandani, akawa anaziota. Kwa hiyo akajifunza kuziachia: zinaingia sikioni, zinatokea vidoleni, kichwani hazikai. Ulikuwa ufundi mzuri kazini, lakini nje ya pale ulikuwa balaa. Akitajiwa namba ya chumba cha daktari, alikuwa ameshaisahau kabla hajamaliza ngazi.

Alikichukia chumba kile, nisiseme uongo. Alikichukia kama mtu anavyochukia kiatu kinachombana na hana kingine. Ila sasa alikuwa amepata kingine. Dada yake alimpa nafasi kwenye duka la vitambaa, naye akamwambia msimamizi kwamba mwisho wa mwezi anaondoka. "Kuna dirisha!" aliwaambia wenzake, kana kwamba dirisha ndilo mshahara.

Basi siku moja mchana, akiwa bado hajaondoka, ikaingia simu ya duka la samani. Mteja alikuwa msichana, ananunua kitanda cha mtoto mchanga.

"Nani atakuja kukichukua?" Bubu aliuliza kwa sauti yake ya kazi, ile nyembamba yenye sukari nyingi.

"Mwenye gari atakifuata dukani."

"Na jina lililo kwenye kadi?"

Msichana akataja jina. Lilikuwa jina ambalo Bubu alilichagua mwenyewe, akiwa amempakata mwenye jina siku alipozaliwa.

Binti yake huyo alikuwa ameondoka nyumbani na begi moja. Baba yake alimfukuza kwa ajili ya mwanamume aliyempenda, kisha akabadilisha namba za simu za nyumba nzima ili binti asiwapate. Mama mtu alisimama mlangoni siku ile na hakusema kitu. Baba naye alikwisha kufariki, na mama hakuwa na pa kuanzia kumtafuta mwanawe.

Aseme nini, na kila neno linarekodiwa? Kuongea mambo yako na mteja ilikuwa kufukuzwa siku hiyo hiyo. Akabonyeza kitufe. Taa ikawaka.

"Nisomee namba za kadi, tafadhali."

Binti akasoma. Vidole vikaandika. Malipo yakapita. Bubu hakubonyeza tena.

"Mwanangu," alisema, safari hii kwa sauti ya nyumbani.

"Mama?"

"Ni mimi. Una mtoto?"

"Wa kike." Binti alivuta pumzi. "Wewe siku ile ulinyamaza, Mama. Baba nilimjua alivyo. Wewe ndiye uliyeniuma."

"Najua, mwanangu. Nisamehe. Chukua namba yangu."

"Sitaki yako. Nikiwa nayo nitakaa naiangalia kila siku nikijiuliza nipige au nisipige. Nakupa yangu. Ukinitaka, utanitafuta wewe."

Msimamizi alikuwa ameshaiona taa iliyokawia kuzimika. Alikuwa anakuja, viatu vinagonga sakafu.

"Haya, sema upesi."

Binti akaitaja namba yake, taratibu, mpaka mwisho. Na Bubu, maskini, akatulia tuli. Vidole vyake vikaiandika yote kwenye kisanduku cha kadi, kama vilivyozoea. Kisanduku kikageuka chekundu, maana haikuwa namba ya kadi, na vidole vile vile vikaifuta. Mkono wa msimamizi, aliyedhani kitufe kimesahaulika, ukanyooka juu ya bega lake, ukakibonyeza. Taa ikazimika.

"Asante kwa kununua nasi," Bubu alisema kwa sauti ya sukari.

"Asante," binti alijibu, na simu ikakatika.

Jioni mlango ulipofunguliwa alikimbilia kabati lake, akachukua kalamu, akakunjua kiganja. Akangoja. Akafumba macho. Aliisikia sauti ya mwanawe vizuri kabisa, hata ile pumzi, lakini namba haikuwepo. Haikubaki hata tarakimu moja. Akalia pale pale mbele ya makabati, na wenzake wakadhani analia kwa kuwaaga.

Kumwomba msimamizi au wenye duka wamfungulie habari za mteja hakungewezekana. Ilikuwa kosa la kupelekwa polisi, na ukurasa wenyewe hufungwa simu ikishakatika. Alifuta machozi, akarudi ndani.

"Msimamizi, ile habari yangu ya kuondoka, naomba uifute."

"Wewe? Si ulisema hapa ni jela?"

"Nilisema."

"Na dirisha lako?"

"Niache nibaki, nakuomba. Simu za duka la samani nipe mimi."

"Hakuna wa kupewa, unajua. Simu inaingia kwenye kiti kisicho na mteja."

Mahali pekee ambapo binti yake angeweza kumkuta palikuwa pale, na binti alikuwa nyumbani akingoja yeye apige. Asubuhi Bubu aliweka kalamu kabatini, mlango ukafungwa nyuma yake, akavaa vipokea sauti. Jirani yake alikuwa ametangulia kukaa. Simu ya kwanza ilitoka duka la samani, ikaingia kwa jirani.