Siku Wakwe Walipoingia kwa Ukuta

Kuna watu hapa Tetu ambao hata leo wakinisalimu huangalia kwanza nyuma yangu, kuona kama nimeegemea kitu, na mimi hujifanya sioni, kwa sababu nikiona itabidi nieleze. Lakini leo mmenikuta nimeketi vizuri na chai iko jikoni, basi acheni niwape aibu yangu yote, na nikitaja jina la mtu msishtuke, majina yote ninayo.

Ilikuwa ile miaka ya kwanza ya uhuru, wakati kila mtu alikuwa na haraka, sijui tulikuwa tunakimbilia wapi. Nyumba za udongo zilianza kutuaibisha, zile zile tulizozaliwa ndani yake, na sisi wanawake wa kikundi tukawa tunachangiana mabati, kila mmoja kwa zamu yake, na zamu yangu ilipofika mume wangu Wachira akasema mabati mapya juu ya udongo ni kama kumvalisha mbuzi kofia, basi tukaanza kujenga ya matofali.

Fundi alikuwa Mzee Kariuki wa hapo chini mtoni. Sasa Kariuki, niseme ukweli, alikuwa mtu wa kuchosha. Tofali moja alililoweka kwenye maji, akalitoa, akaligonga, akalisikiliza (ndiyo, kwa sikio, kama anayengoja lijibu), akaliweka, akaning'iniza timazi yake, ile kamba yenye uzito ya kupimia kama ukuta umenyooka, akarudi nyuma, akakunja uso, akalitoa tena. Akishajenga mistari michache anaufunika ukuta kwa magunia na kusema, "Mama Wanjiru, sasa tuuache upumzike." Ukuta upumzike. Mimi niliyekuwa natoka shambani na kuni mgongoni sikuwahi kuambiwa nipumzike, lakini ukuta, huo ulipumzika.

Alikuwa amebakisha ukuta wa mbele tu, ule wa mlango, na mabati yako tayari juu ya kuta nyingine, wakati Wachira alipokutana sokoni na baba yake Macharia. Macharia alikuwa mwalimu kijana wa Giakanja aliyetaka kumwoa binti yangu Wanjiru, na hao wazee wawili wakakubaliana hapo hapo kwamba athoni, yaani wakwe, waje Jumamosi iliyofuata na mizigo yao tuanze mazungumzo ya mahari. Wanaume hukubali siku kama vile chakula hujipika.

Nikamwendea Kariuki. "Mzee, Jumamosi ukuta utakuwa umeisha?"

Akatazama ukuta, akatazama mawingu. "Jumamosi gani?"

Hilo swali ndilo lililonimaliza. Kule Gatitu kulikuwa na fundi anaitwa Njuguna, lakini watu walimwita Sipidi na yeye aliitika, na nilipompata akaniambia, "Mama, wewe weka chai tu kwa moto. Kabla ipoe, hiyo ukuta imesimama." Nikamwambia Kariuki, kwa adabu, aende akaangalie ng'ombe wake (ng'ombe hakuwa na shida yoyote), naye akakunja magunia yake polepole na kusema, "Nimeacha meno hapo kwa kona. Mwambie asiyaguse." Meno ni yale matofali yanayotokeza mwisho wa ukuta, moja limetoka, moja limeingia, ili ukuta unaofuata ushikane nao kama vidole vya watu wanaosalimiana.

Sipidi alianza na nyundo. "Hizi ndizo zinachelewesha watu," akasema, akayavunja meno yote. Halafu akapanga matofali makavu kwa udongo, kila tofali juu ya mwenzake kabisa, viungo vikashuka moja kwa moja toka juu hadi chini kama vifungo vya shati, na mimi (hapa ndipo huwa najichukia) nikaona ni maridadi. Nikasema Kariuki alikuwa anachanganya changanya tu, huyu ndiye anapanga. Nikaita majirani waje kuona. Nyawira, mwenyekiti wa kikundi chetu, akasimama mikono kiunoni akasema, "Sasa hii ndiyo kazi ya uhuru." Jioni ukuta ulikuwa umesimama, tukaupaka chokaa, ukang'aa mpaka kuku waliukwepa.

Jumamosi wakwe wakafika. Mnajua kwetu mgeni wa namna hiyo hafunguliwi mara moja, husimama uani aimbe, aulizwe ni nani na anatafuta nini, na nyinyi mnaimba mkimjibu, na mimi siku hiyo niliwachelewesha kupita kawaida, kwanza waushibe ukuta wangu kwa macho, pili Wachira alikuwa bado ndani anasubiri viatu vya kuazima na alikuwa ananawa miguu. Mlango nilikuwa nimeufunga, ufunguo uko nami kifuani. Mama Macharia na wanawake wake walikuwa na mizigo mgongoni, viondo vya ndizi na unga na kibuyu kikubwa cha uji, mikanda imekaza kwenye paji la uso. Na mwanamke wa huku akichoka na mzigo haulizi mtu, anatafuta ukingo wa udongo au ukuta, anageuza mgongo, anaegemea mpaka mzigo ukae, halafu anautoa mkanda kichwani. Hafikirii, mgongo ndio unaofikiria. Mama Macharia akarudi nyuma huku bado anaimba, dada yake Wangui akarudi, Muthoni akarudi, na wengine wote kwa mstari, wakaegemea.

Ukuta haukupasuka. Ulilala, wote kwa pamoja, kama ng'ombe aliyechoka. (Paa lilikuwa limeshikwa na kuta za Kariuki, ndiyo sababu niko hapa kuwasimulia.) Wanawake wa Giakanja wakaenda nao chali, miguu juu, mikanda bado kichwani, hakuna anayeweza kuinuka, na uji ukawa unatembea polepole kwenye sakafu. Chokaa ilipotulia, tukamwona Wachira kule mwisho wa chumba, suruali imekunjwa hadi magotini, mguu mmoja ndani ya karai alilosahau Sipidi, sabuni mkononi. Na kwa vile alikuwa mtu wa heshima, akasema, "Karibuni."

Mlango ulibaki umesimama peke yake na fremu yake, umeshikwa na mti wa kuegemeza aliouacha Sipidi, na bado umefungwa.

Mama Macharia, hapo alipolala, macho yakiwa kwenye mabati, akasema, "Mama Wanjiru, nilikuwa naelekea kuuliza mlango uko wapi."

Hakuna aliyeumia isipokuwa kiwiko cha Wangui. Lakini baba yake Macharia alikung'uta koti lake, akasema kwao hawazungumzi mambo ya mtoto mahali ambapo hata nyumba imekataa kusimama, watarudi nyumba ikiwa nyumba, na wakabeba mizigo yao wakatoka nayo. Mzigo wa wakwe ukirudi njiani ukiwa umejaa, watu wote wa njia hiyo wanajua posa imekwama. Wanjiru hakunigombeza. Alichukua ufagio akaanza kufagia matofali, na ningalipenda zaidi anigombeze.

Nilimtumia Sipidi ujumbe. Akajibu kwamba yuko Karatina anajenga duka, na kwamba ukuta ulikuwa sawa, ni wanawake ndio walikuwa wazito.

Basi nikampelekea Kariuki sukari na majani ya chai. Akaniambia bado anamwangalia ng'ombe. Aliniangalizia huyo ng'ombe mpaka nikakoma, ndipo akaja, na yeye aliyekuwa wa polepole akawa wa polepole zaidi, kwanza ayarudishe meno, halafu ukuta upumzike, halafu mvua, halafu upumzike kwa sababu ya mvua. Wanjiru akawa ndiye anayemchanganyia saruji. Macharia naye alikuja kwa baiskeli kuuangalia ukuta kama mtu anayemtembelea mgonjwa. "Unaendeleaje, mzee?" anamuuliza Kariuki, naye anajibu, "Umelala vizuri."

Wakwe wakarudi baada ya mavuno. Nyimbo zile zile, mizigo ile ile, jasho linatiririka, na hakuna aliyeegemea. Walisimama katikati ya uwanja wamejikusanya, wanauangalia ukuta wangu kama mbwa wasiyemjua. Kariuki alikuwa amevaa koti lake la kanisani, timazi mfukoni. "Kwa nini hawaegemei?" akaninong'oneza, kama mtu aliyepika wageni wakakataa kula.

"Mwenye nyumba aanze," akasema mama Macharia. Akasaidiwa kutua kiondo chake, akanibebesha mimi, mkanda akaniwekea kichwani kwa mkono wake mwenyewe. Wanjiru alikuwa mlangoni, ameshika fremu. Nikageuza mgongo. Nikarudi nyuma, nikafunga macho, nikaegemea.

Ukuta ulikuwa baridi, na haukusema kitu.

Nilibaki pale zaidi ya ilivyohitajika, mpaka nikasikia mama Macharia amekuja kando yangu, naye amegeuza mgongo, bega lake kwa langu. "Sasa," akasema, "mlango uko wapi?"

Tangu siku hiyo sijamwambia fundi yeyote aharakishe, hata wa viatu. Na hiyo chai mnayoiulizia kwa macho haijachelewa. Iacheni ipumzike.