Mwenyekiti wa Timu ya Oldeani

Katika nchi ya baba yangu, mji mkuu ulikuwa Oldeani. Kwa maelezo yake, wakoloni walipochora mipaka kalamu ilipita kwingine, na sisi wa huku juu tukabaki na nchi yetu wenyewe, kuanzia Mbulu hadi Engaresero. Bunge lilikaa kwenye kiwanda cha kahawa alikomalizia ujana wake, na Ikulu ilikuwa ile nyumba ya setla inayovuja. Timu ya mji mkuu ilivaa nyekundu ya kahawa mbivu. Mwenyekiti alikuwa yeye. Mimi nilikuwa katibu, cheo nilichopewa nikiwa shule ya msingi, na hata nilipohamia Karatu na kuoa, kila nikienda kumsalimu nilimkuta na matokeo ya mpira: Engaresero wamechelewa uwanjani kwa sababu walianza kunywesha ng'ombe, Qurus wamemhonga refa kwa debe la maharage.

Ulikuwa utani wetu, na niliupenda. Mwaka jana nikaanza kuutilia shaka.

Kwanza aliunguza sufuria mpaka moshi ukajaa nyumba nzima. Nilipofoka, akasema mashabiki wamewasha fataki. Kisha jirani akamkuta barabara ya mashambani, peku, hajui njia ya kurudi kwake. Baba akadai alikuwa anawahi mechi ya ugenini. Dada yangu anayeishi Arusha akasema sasa basi, tangu mama afariki mzee yuko peke yake, ahamie kwake. Baba akajibu kwamba mwenyekiti hahami katikati ya msimu.

Hapo nikanusa ujanja. Mimi ni dereva wa watalii, nawashusha wageni kreta na kuwapandisha, na nimeshaona watu wazima wakijidai kuumwa ili wapewe kiti cha mbele. Nikapiga hesabu zangu: kila balaa la baba lilinifikisha Oldeani siku hiyohiyo. Mzee ananitega, nikajiambia. Ana akili zake zote, anataka tu nirudi nyumbani.

Nikamtega na mimi. Nilimwambia tumefungwa na Qurus mbili moja.

"Qurus walishuka daraja," akanijibu papo hapo. "Katibu gani wewe?"

Kweli, nilikuwa nimewashusha mwenyewe, wakati wa masika. Nikampigia dada kwa furaha: mzee ni mzima kuliko mimi na wewe, anatuzuga tu. Dada akasema nimlete Arusha akaonwe na daktari hata hivyo. Nikamshuku na yeye. Nilidhani yeye na baba wameshapanga jambo.

Baba alikubali safari bila ubishi, na hilo likanitia wasiwasi zaidi. Nilimfuata na gari la kazini, nikiwa na shati langu la kazi. Akafungua mlango wa nyuma, akakaa wanapokaa watalii. Nikawasha gari. Kama ni mchezo, na tuucheze. Tukashuka na ile barabara mbovu, vumbi likiingia hata madirisha yakiwa yamefungwa, na alipoona tumeikaribia lami akainama mbele.

"Samahani, dereva. Mwanangu unamfahamu?"

Alisema kwa Kiswahili. Mimi na baba tunaongea Kiiraqw tangu nizaliwe. Kiswahili chake ni cha kuongea na watu asiowajua na cha kutangaza mpira. Nikamtazama kwenye kioo, nikilitafuta lile tabasamu lake la upande mmoja. Halikuwepo. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa lifti.

"Namfahamu, mzee," nikasema.

"Na yeye anaendesha magari haya haya. Ukikutana naye huko kwenye geti la hifadhi, nakuomba sana, usimwambie kwamba napotea. Mimi nikisahau kitu huwa namwambia habari za mpira. Anacheka, yanaisha. Anaipenda mno ile timu."

Nilitaka nisimamishe gari, nigeuke, nimwambie kwa lugha yetu kwamba ni mimi. Lakini angejua kwamba ameshaniambia, na aibu ile asingeiweza.

"Sawa, mzee," nikamjibu, kwa Kiswahili. "Simwambii."