Kasiksi ya Mapacha

Kila nikisikia mutu anasema muji huu unahitaji sheria kali, namuuliza: kali juu ya nani? Mimi niko mwanamuke muzee sasa, sioni tena haya ya kukasirika mbele ya watu. Hiyo sheria kali niliiona na macho yangu, hapa Bukavu, wakati Wabelgiji walikuwa wangali wanatutawala. Na mpaka leo sijapata mutu wa kunionyesha mwizi hata mumoja iliyomushika.

Wezi walikuwako, sikatai. Mwaka ule walivunja nyumba mbili za wazungu kule chini, karibu na ziwa, wakabeba saa, mashuka na gramafoni. Wazungu wakapiga kelele. Akaletwa muzungu mupya wa kuhukumu kesi ndogo ndogo, mutu mwembamba wa sauti ya pole, akaapa kuusafisha muji. Gramafoni haikuonekana. Sisi wa Kadutu, mutaa wa watu weusi kule juu, ndio tulionekana, maana tulikuwa nyumbani. Polisi waliingia asubuhi kabla watu hawajanawa uso, wakageuza vitanda, wakamushika asiyekuwa na kitabu chake cha kitambulisho mufukoni, wakamushika mwenye pombe ya kienyeji bila ruhusa. Wazungu walikunywa kwenye veranda zao kila jioni, tunawaona. Ruhusa yao sijui iliandikwa wapi.

Ndiyo siku zile Maman alizaa mapacha, kijana na binti. Papa alikuwa Shabunda, kwenye machimbo ya zahabu. Na kwetu Bushi mapacha hawapokelewi na maji. Lazima kasiksi iwe nyumbani, pombe yetu ya ndizi, majirani waje wacheze na kuimba, mama wa mapacha apewe heshima yake. Ukiwanyima, watoto wanakasirika na kurudi walikotoka. Ndivyo tulivyofundishwa, na hata katekista wetu alikuja, akasema mambo haya ni ya kipagani, kisha akamaliza kikombe chake.

Ndizi zilikamuliwa na wanaume wa jirani, si Maman. Lakini mitungi miwili iliyobaki ilikuwa nyuma ya kitanda chake, na polisi walipoikuta wakaimwaga mulangoni na kuandika jina lake. Hawakumubeba, kwa sababu hakuweza hata kusimama vizuri. Wakaacha karatasi: siku ya kwanza ya juma aje tribinali, mbele ya yule muzungu wa kesi.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili, na pale nyumbani ni mimi tu niliyejua kusoma, kwa kifaransa kidogo cha masista. Nikawasomea: aje yeye mwenyewe. Nikarudia: yeye mwenyewe.

“Mwenyewe nani?” akasema maman mudogo, mudogo wa Maman, ambaye alikaa kwetu na hakuwa na bwana wala mutoto bado. “Hiyo karatasi iko na maziwa? Itanyonyesha hawa wawili? Aka! Mimi nitaenda.”

Hakuna aliyeshangaa. Kule mulimani, kwa chifu, ikiitwa nyumba, nyumba inatuma mutu ambaye inaweza kukaa bila yeye. Babu yangu alilima shamba la chifu wiki tatu kwa kosa la kaka yake. Watu wote walijua, chifu mwenyewe alijua, na kesi ikaisha. Kosa ni la nyumba na adhabu ni ya nyumba. Damu nzito kuliko maji. Hatukuona uongo wowote ndani yake, na hilo ndilo kosa letu kubwa, kufikiri kwamba wale watu wanaona kama sisi.

Nilimusindikiza maman mudogo mpaka tribinali. Kila kesi ilichukua muda wa kumenya ndizi moja: jina, kosa, siku, toka. Jina la Maman likaitwa na maman mudogo akasimama. Mutafsiri, Mushi kama sisi, mutu wa Bushi, akamuuliza kama anakubali kosa.

“Nakubali kabisa,” akasema, amekutanisha mikono kama mutu anayeleta zawadi. “Kasiksi ilikuwa yetu. Mwenye jina ni dada yangu, iko na mapacha wachanga wananyonya. Mimi nimekuja kukaa kwa ajili yake. Munipe siku zake zote.”

Mutafsiri akaangalia chini. Angeweza kuacha nusu ya maneno yale mdomoni. Alijua desturi, alijua muzungu, alijua yote mawili. Akatafsiri mpaka mwisho, na mimi sijamusamehe.

Yule muzungu hakupandisha sauti. Maman mudogo, siku makumi tatu kwa kudanganya tribinali. Maman, siku makumi tatu kwa pombe, na kumi na tano juu kwa kukataa kuja. Halafu akaeleza, polepole, ili sisi washenzi tuelewe: hapa kila mutu anabeba kosa lake mwenyewe.

Maneno mazuri, hata leo nayakubali. Basi na mapacha, wao walibeba kosa gani?

Mchana polisi walipanda Kadutu kumuchukua Maman. Alishuka mpaka buloko, gereza lao, na mutoto mumoja mugongoni, mwengine kifuani, na wale majirani waliokunywa kasiksi walisimama kwenye milango yao wakiangalia. Kule ndani dada na mudogo walilala chumba kimoja, sakafu ya sima, saruji ya baridi, wakati wa mvua, blanketi moja. Maman mudogo alimulalisha binti juu ya tumbo lake ili asiguse sima. Mimi nilipeleka bugali na sombe, majani ya muhogo, mpaka mulangoni, na askari alikula kwanza. Maziwa ya Maman yakapungua. Binti akaanza kukohoa. Wakaomba munganga, wakaambiwa siku ya munganga ni ya ine ya juma. Mutoto akakufa siku ya tatu, jioni, usiku mumoja kabla ya munganga. Wafungwa wawili walienda kumuzika, na Maman hakuruhusiwa kufuata, kwa sababu siku zake hazijaisha.

Maman mudogo alitoka wa kwanza. Siku ya Maman ilipofika tulienda sote wawili kumungojea, yeye na kikapu chenye pagne safi ya kujifunga. Mulango ukafunguka nusu. Maman alikuwa amekonda, amebeba kijana wake. Askari akasoma karatasi, akamuangalia, akasoma tena.

“Mwanamuke mumoja, watoto wawili. Mwengine iko wapi?”

Maman akamukaza kijana kifuani.

“Maman, waliingia watatu,” akasema askari. “Nitatoa inje wawili namna gani? Mimi nitafungwa.”

Maman mudogo akaweka kikapu chini, akasogea mpaka mbele yake, amekutanisha tena mikono.

“Kama mutu anapunguka kwenye karatasi yako, uniandike mimi. Mimi nitaingia. Dada yangu aende nyumbani.”

Askari hakumucheka. Alimwambia tu kwamba haiwezekani, kila mutu na jina lake. Akarudisha mulango, Maman akabaki ndani na kijana, na sisi tukakaa pale chini mpaka walipomutoa saa tisa ya mchana, maana wao walikuwa wanatafuta karatasi ya kifo cha mutoto.