Leseni ya Mji Wenye Taa Moja

Jirani yangu hapa ughaibuni, mjini Richardson, mama wa Mombasa anayetunza wazee majumbani, alitoka kwenye mtihani wa udereva ameshika kiuno. Gari alilofanyia mtihani lilikuwa langu, kwa hiyo nilikuwa nikimsubiri kwenye benchi.

"Nimeangushwa tena," akasema. "Ati nasita kuingia barabara kuu. Na kazini wameshaniambia, bila leseni nisirudi."

Mkongomani aliyeketi karibu nasi akatikisa kichwa. "Mama, hapa banaangusha batu sana. Endaka kule ku mashamba. Kule bote banapita."

Juma lililofuata tukaenda kwenye ofisi ya leseni ya mji mdogo wa mashambani. Mji ulikuwa na taa moja tu ya kuongozea magari, na ng'ombe wengi. Mtahini, mzee mpole, alimzungusha mitaa michache, akampa mkono wa pongezi. Mama alilia kwa furaha, nami nikamwachia usukani aturudishe nyumbani.

Aliendesha vizuri mpaka pa kuingilia barabara kuu, malori yakinguruma. Akasimama pembeni, akazima gari, akanikabidhi ufunguo.

"Endesha wewe, kaka. Hii sikutahiniwa."

Kazi yake imebaki, leseni ni ileile jimbo zima. Lakini niambieni, wasomaji, ofisi ipi ilimtendea haki? Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba Jumapili asubuhi, wenzangu wakilala, mimi huketi kando yake tukijifunza kuingia barabara kuu. Siku hizi anaingia bila kusimama, midomo ikisoma dua. Nami naitikia amina, kwa sauti.