Mgonjwa wa Nyuma ya Pazia

Mimi ni muuguzi wa maradhi ya akili, nazungukia wagonjwa majumbani. Juzi, huku Mji wa Kale, bibi mmoja alinikaribisha barazani. "Mkaza mwanangu hakai na wanaume. Mtazungumza kwa pazia," akasema, akapanda ghorofani.

Nyuma ya pazia jepesi nikaona buibui jeusi limesimama. Nikatoa salamu, kimya. Nikauliza kama huwa anazungumza na watu wasiokuwepo. Kichwa kikainama polepole. Nikaandika yote, tena nikampa nasaha ndefu, nikijisifu moyoni.

Ngazi zikalia. Bibi alikuwa akishuka na mkaza mwanawe, wote wakinisikiliza. Akalifunua pazia: buibui tupu lilitundikwa msumarini, likichezeshwa na upepo wa dirishani.

"Mwanangu," akaniuliza kwa huruma, "haya yamekuanza lini?"