Ukingo wa Ziwa Lililokauka

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Faustini Ndahani anavua viatu, anakunja suruali na kuingia majini mpaka magotini. Anainama mbele ya ubao wenye namba za kina, zinazohesabiwa kutoka sakafu ya katikati, uliosimikwa ndani ya Bwawa la Ikombelo, magharibi ya mji wa Dodoma, anausoma mara mbili, kisha anaitamka namba kwa sauti kubwa kana kwamba kuna karani ng'ambo anayeiandika. Hakuna karani. Ni mazoea ya miaka kumi na tisa.

"Mita tatu nukta moja," anamwambia mwandishi wa habari hii. "Leo nina uhakika na hilo tu. Mengine yamenivuruga kichwa."

Yaliyomvuruga yako nyuma yake, mlimani. Hatua mia nane kutoka majini vimechimbiwa vigingi vya zege vilivyopakwa rangi nyekundu. Ndani ya vigingi hivyo zimo eka mbili na nusu za zabibu za mkewe, Paskalia. Aliyeonyesha mahali pa kuvichimbia ni Faustini mwenyewe.

Bwawa hili lilijengwa kwa ajili ya ng'ombe na bustani. Mwaka jana, 1994, wakati mali nyingi za umma zikienda kwa watu binafsi, nalo likakodishwa kwa kampuni ya mwekezaji mmoja. Sasa kuna mabanda ya nyasi, bia baridi na boti mbili za kupiga kasia. Jumamosi watumishi wa ofisini wanatoka mjini kuja kuyatazama maji, maana huko kwao miezi minane kwa mwaka ni vumbi tupu.

Faustini alibakizwa kazini. Anasoma kina cha maji, na anawasimulia wageni habari aliyoipata kwa mtaalamu wa miamba, Gaudence, aliyelala kwake wiki mbili miaka mitatu iliyopita. Gaudence alimpeleka mteremkoni, akamwonyesha mstari mweupe uliojaa magamba ya konokono wa majini. Akamwambia kwamba maelfu ya miaka iliyopita ziwa kubwa lilifika hapo, na bwawa la leo limekaa sakafuni mwake.

Habari hiyo ilimpa Faustini kichwa kikubwa. Mtu aliyezaliwa kwenye ukame aambiwe nyumba yake imejengwa ndani ya ziwa, ataacha vipi kujivuna?

Machi mwaka huu akaja mpima ardhi, kijana aitwaye Henry.

"Shikamoo mzee. Nimeambiwa bwawa hili unalijua kuliko mtu yeyote. Maji yamewahi kufika wapi?"

"Marahaba. Twende nikuonyeshe."

Akampandisha mpaka kwenye magamba. Henry akaokota moja, akaligeuzageuza, akaandika. Mkataba wa kukodisha unasema eneo la mwekezaji linaishia pale maji yalipowahi kufika.

"Aliniuliza wapi, nikamjibu kweli," anasema Faustini, akijikuna kisogo. "Hakuniuliza lini."

Shambani, Paskalia anapogoa matawi bila kuinua macho. "Mume wangu amewagawia matajiri ziwa lililokwisha kufa," anasema. "Afadhali angewapa na samaki wake."

"Mama Loisi, mbele ya mwandishi?" Faustini anamkatiza.

"Andika, mwanangu. Na jina langu uliandike."

Barua ya kampuni inamtaka ang'oe mizabibu kabla ya mwisho wa mwezi. Kamati ya ardhi ya kijiji itakaa Alhamisi, na Faustini ndiye shahidi pekee. Msimamizi wa mabanda, Anthony, ameshamwonya: akikana maneno yake, kazi hana.

Lakini kazi siyo inayomkosesha raha. "Nikisema maji hayakufika, nimemfanya Bwana Gaudence mwongo, na mimi mwenyewe mwongo mbele ya kila mgeni niliyemsimulia. Nikisema yalifika, mke wangu hana shamba. Sasa ukweli gani huo unaokula mtu pande zote mbili?"

Anakaa juu ya kigingi. Paskalia naye anaacha kukata, anamsubiri.

"Nitasema yalifika," anasema hatimaye. "Yalifika, yakaondoka yenyewe, hakuna aliyeyafukuza. Waliochimba bwawa waliyakuta yameshaondoka, na huyu mwekezaji pia. Wakidai tarehe, mimi ninayo moja tu: Desemba 1987, Paskalia alipopanda mzabibu wa kwanza hapa, pakavu."

Mkewe anarudi kwenye matawi yake. "Useme hivyohivyo," anamwambia. "Usiongeze konokono."