Kengele Niliyompigia Mwalimu

Jumanne jioni redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo, nami nikisikiliza nusunusu kama tunavyofanya wengi wetu mpaka litajwe jina la mtu tunayemjua. Likatajwa. Mwalimu wa hesabu wa shule moja ya sekondari upande wa Boito, ameacha mjane na watoto watatu, atazikwa Ijumaa nyumbani kwake. Tangazo halikutaja kinanda wala bendi. Nilizima redio, na mke wangu aliponiuliza marehemu alikuwa nani kwangu, nikasema tulifahamiana tu. Hilo lilikuwa jibu la mtu mwoga. Wiki hii nilikuwa nimepanga kuwaandikia kuhusu barabara zetu mbovu, lakini barabara zimezoea kungoja, na mimi nina jambo ambalo nimelificha miaka saba.

Wasomaji wangu wa zamani wanajua kwamba kabla ya kushika kalamu nilikuwa karani wa kituo cha majani chai. Kituo chenyewe ni banda la mabati kando ya barabara, na mizani inayoning'inia katikati. Wakulima huchuma asubuhi, wakaleta majani yao saa nane, kisha wakangoja lori la kiwanda, ambalo huja saa kumi, au saa kumi na mbili, au linapopenda. Lori likikaribia karani hupiga kengele, ambayo kwetu ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa kwenye nguzo. Hapo kila mtu hukimbilia mstari wa mizani, kwa sababu majani yakikaa sana guniani hupata joto na kubadilika rangi, na karani anaweza kuyakataa. Niliyakataa mengi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na wazee wa rika la baba yangu waliniita "mkubwa". Nawaambia kweli, jina hilo lilinipendeza kupita kiasi.

Mwalimu ndiye aliyeona kitu ambacho sisi makarani hatukukiona, kwamba pale kituoni kulikuwa na umati wa watu wenye saa mbili au nne za kukaa bure. Alikuwa na bendi ya watu wanne, na muziki wao haukuwa wa kucheza. Alikuwa amepewa santuri na meneja mmoja mzungu wa kiwanda cha chai aliyekuwa akirudi kwao, roki ya nyimbo ndefu zinazogeuka njiani mara tano, zinazoanza taratibu kama ibada na kuishia mahali pengine kabisa. Alizisikiliza mpaka akaanza kutunga zake. Jumamosi moja wakaja na jenereta, magita mawili, ngoma, na kinanda walichoazima kanisani kwa sharti kwamba kirudi kabla ya ibada ya kesho yake, wakapanga vyombo kwenye jukwaa la kupakilia magunia. Siku hiyo ya kwanza watu walicheka. Mama mmoja mzee alisimama mbele kabisa akauliza kwa sauti, "Mwalimu, hii wimbo yako iko na mwisho kweli, ama tupike chakula turudi?" Jumamosi ya tatu mama huyohuyo alikuja na kigoda chake, na mtu akiongea alimwambia nyamaza.

Kufikia mwezi wa pili walikuwa wakitoka hata Kabianga, watu wasio na jani hata moja la kupima, kuja kukaa kwenye nyasi na kusikiliza. Ndipo Mwalimu alipoleta wimbo wake mkubwa kuliko zote, wenye sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ilikuwa asubuhi ya kuchuma, magita yakijibizana kama watu wanaoitana kutoka mstari mmoja wa michai hadi mwingine. Ya pili ilikuwa mvua ya mawe, na mpiga ngoma aliipiga kiasi kwamba niliona wanaume wazima wakitazama juu. Kila mmoja wetu anaijua ile sauti juu ya mabati, na anajua unavyotoka nje baadaye ukakuta shamba limechanika na hakuna anayesema neno. Mwalimu aliijua pia. Mvua yake ilipokatika alibaki peke yake kwenye kinanda, polepole sana, chini sana, na umati mzima ukawa kimya. Sehemu ya tatu, alivyonieleza asubuhi hiyo aliponiomba ruhusa ya kutumia jukwaa, ilikuwa machipukizi yanaporudi, nayo ilikuwa ya kinanda peke yake, hata wenzake hawakuwa wameisikia. "Hiyo ya mwisho ndiyo nimetungia hawa watu," aliniambia. "Zile zingine ni za kuwaleta tu."

Nilikuwa nimesimama chini ya rimu yangu. Nilikohoa, na hakuna aliyegeuka. Nikaitikisa mizani kwa kelele, na hakuna aliyegeuka. Watu ambao kila siku walikuwa wakiniangalia usoni kujua kama nimeamka vizuri, siku hiyo walikuwa wamenisahau kama gunia tupu. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilimhurumia Mwalimu, kwamba niliudhania ukimya ule kuwa wa kuchoshwa. Si kweli. Niliona wivu. Nikachukua chuma nikaipiga rimu mara nne kwa nguvu zangu zote, nikapaza sauti, "Lori inakuja! Mstari!"

Hapakuwa na lori. Hapakuwa hata na vumbi lake.

Watu waliinuka wote pamoja wakakimbilia magunia yao. Mwalimu aliendelea kupiga kinanda, nafikiri akitumaini kwamba wakipanga mstari wangeendelea kusikiliza wakiwa wamesimama, lakini mstari wa mizani una kelele zake na magomvi yake. Baada ya robo saa bila lori, baadhi walianza kurudi nyasini. Hapo nikafanya jambo la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza. Nikasema, "Mwenye kutoka kwa mstari atapimiwa mwisho." Wakabaki. Mwalimu akainua mikono kutoka kwenye kinanda, akaishusha kwenye mapaja yake, akakaa hivyo. Jenereta lilipozimwa alikuja kwangu, wala hakuwa na hasira.

"Karani, lori ilikuwa inakuja kweli?"

"Ilikuwa inakuja, Mwalimu. Nilisikia injini huko chini. Labda imekwama kwa kona."

"Basi ni sawa," akasema. "Lakini mbona hakuna mtu alirudi?"

Niligeukia mizani yangu. Yeye alijijibu mwenyewe, na jibu lake ndilo lililoiua bendi. Alikata shauri kwamba wimbo ungekuwa mzuri watu wangerudi. Mwezi uliofuata walikuwa wakipiga nyimbo za dakika tatu kwenye harusi, na kabla ya mwaka kwisha waliachana. Tulikutana mara moja tu baadaye, nje ya posta ya Kericho, nikiwa tayari mwandishi wenu. Aliniambia anasoma safu yangu kila wiki. Akaongeza, bila kinyongo, "Ulisema vizuri juzi, watu wetu hawana subira ya kitu kirefu." Nilikuwa nimeandika hivyo kweli, mimi, kwa mkono huuhuu. Nikamwambia asante, nikasema nina haraka.

Ijumaa nilikwenda mazishini. Baada ya sala, mashabiki wa zile Jumamosi za mwanzo walikaa pamoja kwenye nyasi, na unajua watu wanavyokumbuka. Kila mmoja alikuwa na lile lori lake. Mmoja alisema lilitumbukia mtaroni. Mwingine alisema yeye mwenyewe alilisukuma, na akaonyesha kovu la kidole. Yule mama wa kigoda, sasa anatembelea mkongojo, akaapa, "Mimi niliona hiyo lori na macho yangu. Ilikuwa na turubai ya kijani." Kisha mpiga gita na mpiga ngoma wakasimama wakapiga ule wimbo, asubuhi, halafu mvua ya mawe. Walipofika kwenye ule ukimya, mtu mmoja akapiga rimu aliyokuja nayo kutoka kituoni, mara nne. Watu wakacheka wakilia, wakapiga makofi, na wimbo ukaishia hapo. Kwao huo ndio mwisho wake. Nilipiga makofi pamoja nao, Mungu anisamehe.

Nilimkuta mjane nyuma ya nyumba, nikamuuliza kama marehemu aliwahi kuipiga sehemu ya tatu. Akasema aliipiga miaka yote, kanisani, Jumamosi mchana, yeye mjane akifagia. "Alikuwa akimaliza ananiuliza, 'Mama, unafikiri wangekaa?' Mimi namwambia wangekaa. Lakini alikuwa anasema, wewe ni bibi yangu, lazima useme hivyo." Nikamwomba aniimbie kidogo. Alijaribu, akaimba kama pumzi tatu, akatikisa kichwa na kusema imempotea. Hakuna mtu mwingine aliye hai anayeijua.

Mimi nilikuwa na mamlaka madogo kuliko yote katika wilaya nzima, mamlaka ya chuma na rimu, na yalinitosha kumnyamazisha mtu mkubwa. Wapo wengi wenye rimu zao, ofisini, darasani, hata magazetini, na kila mara tunapowaita watu waondoke mahali walipotulia, ndio sisi tunaokuja kuandika kwamba hawana subira. Nakusihi wewe uliye na yako, kabla ya kuigonga, jiulize unamwita nani na kwa ajili ya nani.

Yule mama wa turubai ya kijani anasomewa safu hii na mjukuu wake. Namwomba msamaha. Namwomba mjane msamaha, na wote mliosimama kwenye mstari ule mkiwa mmegeuza shingo kuelekea jukwaani, maana niliziona shingo zenu. Na swali lililokuwa langu kulijibu tangu siku ile, nalijibu leo, wakati aliyeliuliza hawezi tena kunisoma. Wangekaa, Mwalimu. Ni mimi niliyewazuia.